Pima bomba la chuma kabla ya kulilipia: mwongozo kwa fundi na kwa mwenye nyumba

Tanki la lita 1,000 likijaa, miguu minne ya stendi inabeba tani nzima ya maji usiku na mchana. Miaka kadhaa iliyopita nilimjengea mama mmoja stendi ya namna hiyo kwa skwea paipu (bomba la mraba) ya milimita 40 kwa 40, na kwenye risiti ya duka iliandikwa 1.5, yaani unene wa ukuta kwa milimita. Tanki lilipojazwa mara ya pili, mguu mmoja ukaanza kutoa tumbo katikati. Tuliyamwaga maji haraka, hakuna aliyeumia, ila nilipokata kipande cha bomba lile na kukipima, ukuta wake ulikuwa milimita 1.1. Kazi yote niliirudia kwa hela yangu.

Tangu siku ile silipii bomba ambalo sijalipima. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia na ndizo ninazowafundisha vijana karakanani. Vifaa vyake ni vichache: kalipa ya vernia (kifaa cha kupimia unene), tepu, mizani ya jikoni, jiliwa (kifaa cha kubania) na msumeno wa chuma.

Hatua ya 1: Taja kazi kwanza, bomba baadaye

Watu wengi huingia dukani wakasema "nataka paipu ya inchi moja na nusu", na muuzaji akatoa lililo karibu na mkono wake. Anza kwa kusema bomba litafanya nini.

Kama litabeba uzito au kuwa fremu, yaani geti, dirisha, kitanda, dawati la shule, stendi au kenchi, unatafuta skwea paipu, bomba bapa la mstatili au bomba jeusi la mviringo. Hapo kinachohesabika ni unene wa ukuta na unyoofu. Kama litapitisha maji kwa presha, unatafuta bomba la zinki la kukatwa uzi (meno ya kuliunganishia), na kinachohesabika ni unene, mshono (mstari ukuta ulipounganishwa) na zinki ya ndani. Kama litakaa kwenye moto na mvuke, mfano boila ya hoteli au ya kiwanda, usitafute mtaani kabisa. Hilo ni bomba lenye cheti chake, mara nyingi lisilo na mshono, na anayelichagua ni mhandisi wa boila.

Jukwaa la ujenzi lina bomba lake pia. Kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3, na ukuta ni 3.2 au 4.0. Nimeona watu wakichanganya bomba la fremu la ukuta mwembamba na mabomba ya jukwaa kwa sababu kipenyo kinalingana na klipu inashika vizuri. Klipu haijui unene wa ukuta. Fundi aliyesimama ghorofa ya tatu ndiye atakayeujua.

Yapo pia mabomba ya ulimwengu mwingine kabisa. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa katika miaka ya 1960 ili Zambia ipate mafuta bila kupitia kusini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24. Kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa, mabomba yake yalipelekwa kwanza kwenye kiwanda cha Sojo, Nzega, yakavishwa koti la kuhifadhi joto. Nayataja kwa sababu wateja huniuliza kama chuma ni kilekile. Chuma ni jamaa, ila sheria za unene, mshono na upimaji wake ni kali zaidi.

Hatua ya 2: Jua lilivyozaliwa, ndipo utajua pa kuangalia

Karibu kila bomba utakalolikuta dukani kwetu lilianza kama bati. Viwanda vya Afrika Mashariki, kama ALAF ya Dar es Salaam na Roofings ya Uganda, hununua chuma kilichoviringishwa kwenye koili kubwa. Koili hupasuliwa kuwa kanda nyembamba ndefu. Upana wa ukanda ndio utakaokuwa mzunguko wa bomba: kwa bomba la 48.3 lenye ukuta wa 3.2, ukanda unahitaji takriban milimita 142.

Ukanda huo unapita katikati ya jozi za rola, kila jozi ikiukunja kidogo zaidi ya iliyotangulia, mpaka kingo mbili zikaribie kugusana. Hapo umeme wa masafa ya juu huzipasha kingo hizo peke yake, na rola mbili za pembeni huzibana zikashikana. Hakuna kijiti cha kuchomelea kinachotumika. Chuma kinajiunga chenyewe kwa joto na mbano. Chuma kilichofura nje ya mshono hukwanguliwa na kisu kikiwa bado chekundu. Kilichofura ndani mara nyingi huachwa. Kisha bomba hupozwa, hunyooshwa, na likitakiwa liwe la mraba hupitishwa kwenye rola nyingine zinazolibana pande nne. Mwisho msumeno hulikata huku likitembea, kwa kawaida kila mita 6.

Kwa hiyo ingiza kidole ndani ya bomba, taratibu kwa sababu mkato una makali. Utahisi mgongo mdogo unaokwenda moja kwa moja kama mstari. Huo ndio mshono. Kwenye skwea paipu huwa kwenye upande mmoja bapa, na mafundi waangalifu huugeuzia upande usioonekana wala usiotobolewa.

Bomba lisilo na mshono huzaliwa kwa njia tofauti. Ndugu wawili wa Remscheid, Ujerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walipata hataza mwaka 1885 ya kuzungusha gogo la chuma chekundu kati ya rola zilizokaa mshazari hadi moyo wake ulegee na kufunguka, huku ncha ngumu ikiutanua uwazi huo. Kabla ya hapo, mabomba yaliyotokana na ukanda wa chuma yalikuwa na mshono. Waingereza wa kwanza kuwasha taa za gesi walidiriki kuunganisha mitutu ya bunduki za zamani ili wapate bomba, mpaka mwaka 1825 Cornelius Whitehouse aliposajili namna ya kuuvuta ukanda wa chuma moto kupitia tundu ukajikunja na kujiunga. Ninapenda kuwasimulia vijana habari hii wakilalamika kwamba mabomba yamepanda bei.

Hatua ya 3: Pima unene kwa vernia, na usiamini jina la inchi

Bomba la maji la nusu inchi halina nusu inchi popote. Nusu inchi ni milimita 12.7, na bomba lenyewe lina kipenyo cha nje cha 21.3. Jina lilitokana na uwazi wa ndani wa mabomba ya zamani, likabaki hata kuta zilipobadilika. Kipenyo cha nje ndicho kisichobadilika, kwa sababu soketi na elbo lazima viingie:

nusu inchi ni 21.3
robo tatu ni 26.9
inchi 1 ni 33.7
inchi 1 na robo ni 42.4
inchi 1 na nusu ni 48.3
inchi 2 ni 60.3

Unene ndio unaotofautisha daraja. Mabomba ya maji yanayofuata kiwango cha zamani cha Kiingereza cha BS 1387, ambacho bado kinatajwa sana madukani, yana madaraja matatu: jepesi lenye alama ya rangi ya kahawia, la kati lenye alama ya buluu, na zito lenye alama nyekundu. La nusu inchi la kati lina ukuta wa 2.6 na zito lina 3.2. La inchi 1 la kati lina 3.2 na zito lina 4.0. Pete ya rangi kwenye bomba ni dalili nzuri, lakini rangi ya kopo inauzwa kila mahali, kwa hiyo usiishie kuitazama.

Kwenye skwea paipu mafundi wetu hutaja geji, yaani namba ya unene. Geji 18 ni kama 1.2, geji 16 ni kama 1.5 au 1.6, geji 14 ni 2.0. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, chuma kinakonda. Nimeona wateja wakidhani wamepandishiwa ubora walipouziwa geji 18 badala ya 16.

Namna ya kupima ni hii. Chagua ncha ya bomba, ikwangue kwa tupa ili uondoe makali ya mkato, maana makali hayo yanaongeza unene wa uongo. Bana ukuta kwa vernia mahali patatu tofauti, mbali na mshono na mbali na kona. Fanya hivyo kwa mabomba mawili au matatu kutoka katikati ya furushi, usiishie kwenye yale ya juu.

Kiwanda kinaruhusiwa kukosea kidogo. Kiwango cha Ulaya cha mabomba ya fremu yaliyokunjwa baridi, EN 10219, kinaruhusu asilimia 10 kwa ukuta usiozidi milimita 5. Kwa hiyo lililoandikwa 1.5 likisoma 1.4, lipokee. Likisoma 1.2, hilo ni bomba jingine lenye bei nyingine, na una haki ya kulipia bei hiyo.

Pima na urefu. Mita 6 ndiyo kawaida, ila yapo mabomba ya 5.8 yanayoletwa kutoka nje, kwa sababu kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani isiyofika mita 6. Si kosa kuyauza. Kosa ni kuyauza kwa bei ya mita 6 bila kusema, kisha wewe ukakata vipande vya mita 2 na cha tatu kikapungua sentimita 20.

Hatua ya 4: Lipime uzito

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote, kwa sababu vernia inasoma sehemu uliyoibana tu, na mizani inasoma bomba zima. Ukuta ukiwa mwembamba katikati, uzito utasema.

Kwa bomba la mviringo, chukua kipenyo cha nje, toa unene, zidisha kwa unene, zidisha tena kwa 0.02466. Unapata kilo kwa kila mita. Mfano wa 48.3 kwa 3.2: 48.3 toa 3.2 ni 45.1, mara 3.2, mara 0.02466, unapata kilo 3.56. Bomba zima la mita 6 linapaswa kuwa na kilo 21 na ushee likiwa jeusi, na zaidi kidogo likiwa na zinki.

Kwa skwea paipu, chukua upande, toa unene, zidisha kwa unene, zidisha kwa 0.0314. Jibu litazidi kidogo kwa sababu kona zimeviringwa, hivyo punguza asilimia 2 hivi. Skwea ya 40 kwa 40 ya 1.5 inatoka kama kilo 1.77 kwa mita, yaani kilo 10.6 kwa bomba zima. Ile ya 1.2 ni kama kilo 8.6. Kilo mbili kwa kila bomba! Ukinunua mabomba 30 ya ukumbi, umeuziwa hewa ya kilo 60.

Duka likiwa halina mizani mikubwa, omba kununua bomba moja kwanza. Kata kipande cha sentimita 50 kamili, kiweke kwenye mizani ya jikoni. Cha 1.5 kitasoma karibu gramu 885. Cha 1.2 kitasoma karibu gramu 715. Tofauti hiyo haina ubishi, hata mteja asiyejua vernia anaiona. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukipima. Wengi wamenishukuru, kwani nao waliuziwa hivyo hivyo na msambazaji.

Hatua ya 5: Ujaribu mshono

Angalia kwa jicho kwanza. Mshono mzuri ni mstari ulionyooka, umekwanguliwa sawasawa, hauna vitundu wala ngazi kati ya kingo mbili. Viringisha bomba sakafuni: likiruka-ruka, limepinda au si mviringo kamili.

Kisha lipe jaribio la jiliwa, ambalo ni ndugu mdogo wa jaribio la kiwandani. Kata pete ya sentimita 5 kutoka bomba la mviringo. Iweke kwenye jiliwa huku mshono ukiwa robo duara kutoka kwenye meno, yaani juu au chini, mahali mkunjo utakapouma zaidi. Bana polepole mpaka kipenyo kishuke hadi robo tatu. Kwa bomba la 48.3 ni kama milimita 36. Mshono ukifunguka kabla ya hapo, furushi lote lirudishwe. Ukivumilia, endelea kubana ili uone lilivyo. Bomba zuri nimelibana hadi likawa bapa na mshono haukusema kitu.

Kwa mabomba ya maji kiwanda kinatakiwa kuyapima kwa presha pia. BS 1387 ilitaka bar 50. Huwezi kufanya hivyo dukani, lakini unaweza kudai alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, iliyopigwa kwenye bomba lenyewe. Karatasi mkononi mwa muuzaji haitoshi.

Hatua ya 6: Tofautisha zinki na zinki

Bomba linalong'aa sana, laini kama kijiko, mara nyingi limekunjwa kutoka bati lililokwisha kupakwa zinki. Tabaka lake ni jembamba, na mshono ulipounganishwa zinki iliungua hapo. Nje hupuliziwa zinki mpya juu ya mstari huo, ndani hubaki wazi. Linafaa kwa reli za ngazi, fremu na bustani ya kivuli.

Lililochovywa baada ya kuundwa huzamishwa lote kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi. Rangi yake imepoa zaidi, pengine ina michirizi na matone mwishoni, na ndani limefunikwa pia. Kwa maji, nunua hili. Mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili: mshono ukiwa mweusi au una kutu ya njano, hilo si la maji.

Na hata bomba lililochovywa vizuri lina adui wake. Maji ya kisima yenye asidi, yaani kipimo chake cha pH kiko chini ya 6.5, huila zinki na kisha chuma. Ndiyo maana pampu za mkono zenye mabomba ya zinki hutoa maji mekundu katika baadhi ya vijiji baada ya muda mfupi, watu wakadhani kisima ni kibaya. Pima pH kwanza, na ikiwa chini, tumia plastiki au stenlesi. Pia usitangulize bomba la shaba kabla ya la zinki kwenye mkondo mmoja, kwa sababu chembe za shaba zinazobebwa na maji huharakisha kutu.

Hatua ya 7: Kukata uzi na kuchomelea

Hapa ndipo bomba jepesi linapojulikana. Uzi wa nusu inchi na robo tatu una meno 14 kwa inchi, na kina chake ni kama milimita 1.16. Kwenye ukuta wa 2.6 unabaki na 1.4 hivi chini ya jino. Kwenye ukuta wa 2.0 unabaki na 0.8 tu. Bomba litavunjikia hapo hapo kwenye soketi, siku mtu atakapolikanyaga. Bomba jepesi lisikatwe uzi kwenye mfumo wa maji, hata mteja akibembeleza bei.

Skwea ya 1.5 ichomelee kwa kijiti cha 2.0 au 2.5, ampea 50 hadi 70, vipande vifupi vifupi ukihama upande kwa upande, la sivyo itatoboka na kupinda. Ukikunja bomba la mviringo, weka mshono ubavuni mwa mkunjo, usiwe mgongoni wala tumboni.

Zinki lazima uiondoe kwa grenda sentimita chache pande zote za kiungo kabla ya kuwasha mashine. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa: saa kadhaa baadaye unatetemeka, mdomo una ladha ya chuma, mwili unauma kama malaria, kisha kwa kawaida inapita ndani ya siku moja au mbili. Tulilelewa tukiambiwa tunywe maziwa kwanza. Maziwa hayazuii chochote, kwa kuwa moshi unaingia mapafuni. Kinga ni kuondoa zinki, kukaa upande unakotoka upepo, na kuvaa barakoa ya moshi wa metali. Ukimaliza, paka rangi yenye zinki nyingi pale ulipoichuna.

Usichomelee kamwe bomba lililozibwa pande zote bila tundu. Hewa ikipanuka inatafuta njia, na njia yake ni uso wako. Kama kazi itapelekwa kuchovywa zinki, matundu ni lazima zaidi, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani hulipua bomba ndani ya beseni la moto.

Tundu hilo lina faida nyingine ambayo watu wa pwani tunaihitaji. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kote upepo wa bahari una chumvi, na maji ya mvua hupenya juu ya nguzo yakatulia chini. Nguzo ya geti inang'aa kwa rangi nje huku inaoza kutoka ndani, kisha siku moja inakatika sentimita tano juu ya zege. Kwa hiyo ziba juu kabisa kwa bati la kuchomelea, na toboa tundu la milimita 8 chini, juu kidogo ya usawa wa zege, upande usiopigwa na mvua. Paka redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) siku ileile ya kukata, usiache chuma uchi hadi kesho yake.

Stendi ya yule mama niliijenga upya kwa skwea ya 50 kwa 50 yenye ukuta wa 2.0, mikingamo mshazari pande zote nne, na tundu chini ya kila mguu. Kile kipande cha 1.1 bado kinaning'inia ukutani karakanani kwa waya, na chini yake kuna kipande cha 1.5 halisi chenye urefu uleule. Kijana mpya akija siku ya kwanza, ninampa kimoja kila mkono.